Wiki Iliyokwisha Jumatatu

Jumapili, 8 Machi

Daftari jipya. Nimelichukua ofisini, lina nembo ya Bunge kwenye jalada, na kalamu pia ni yao. Wanasema vitu hivi ni mali ya umma. Basi mimi ni umma.

Miezi saba tangu nitoke kwenye kuziba pancha niingie kwenye kutunga sheria. Miaka ishirini na sita, mdogo kuliko wote ukumbini. Wenzangu wananiita Mheshimiwa Pancha wakidhani wananichoma. Kuna mmoja wao anayeweza kuvua tairi la lori kwa dakika tisa? Wengine hata koti wanavalishwa. Najua sikuchaguliwa kwa kupendwa. Watu walitaka kumkomoa yule wa zamani, aliyeahidi soko akaleta kibao cha soko. Sawa tu. Hasira nayo ni kura.

Nyumbani hakukaliki. Dada yangu yupo kwangu tangu Oktoba, yeye na wanawe wawili, tangu mumewe alipokamatwa ng'ambo ya mpaka. Shemeji ni mpakiaji wa malori. Walivuka wapakiaji kumi na wawili na malori ya saruji, wote wa jimbo langu. Chini ya saruji kukakutwa mzigo mwingine. Madereva wakatimua mbio, wapakiaji wakabaki wanashangaa. Miezi mitano sasa wako ndani, gereza la ugenini.

Viatu vya shemeji viko mlangoni kwangu. Dada anavipiga rangi kila Jumapili. Leo nimejikwaa tena, nikamwambia aviweke kabatini. Akasema vitaondoka hapo siku vitakapovaliwa, na kama vinanikera, mimi si ndiye nipo serikalini?

Nikamwambia nipo Bungeni, si serikalini, ni vitu viwili. Akasema hiyo tofauti atamwachia mumewe aielewe akirudi.

Ulimi wa dada yangu. Ungepigiwa msasa ungekata bati.

Jumatatu, 9 Machi

Kikao cha chama, chumba namba nne, viti vinalia ukigeuka. Mbele amesimama mnadhimu, yule ambaye kazi yake ni kutuhesabu kabla ya kila kura kama kuku wanavyohesabiwa bandani. Mimi namwita Nyapara. Kimoyomoyo, na mara moja kwa sauti.

Akasoma shughuli za Ijumaa. Ya sita: Muswada wa Hifadhi ya Barabara Kuu. Ya saba: Mkataba wa Kubadilishana Wafungwa na majirani zetu.

Ya saba nilitaka kuruka juu. Mkataba ukipita, kumi na wawili wangu wanarudi nyumbani. Hata kama ni gerezani, ni gereza la huku, lenye wakili, lenye rufaa, lenye siku ya kutembelewa. Nimeupigia kelele mkataba huo tangu siku walipokamatwa. Nimewachosha mpaka wameuleta. Nani mwingine angeweza?

Kisha nikakumbuka ya sita. Vyote vilivyo ndani ya mita thelathini kutoka barabarani viondolewe katika siku tisini.

Mita thelathini. Meza ya mama iko mita tisa. Najua kwa sababu nilipima mwenyewe enzi nikiziba pancha kando yake, yeye na mabeseni yake, mimi na pampu yangu. Na si mama tu. Soko lote limejipanga kando ya barabara hiyo, meza mia mbili na zaidi, kwa kuwa lile soko la kwenye kibao halikujengwa. Hao ndio walionichagua. Nikanyoosha mkono. Nyapara akasema maswali mwishoni. Mwishoni akasema muda umekwisha.

Nimerudi ofisini nimevimba. Karani wangu akaniletea Barua ya Wiki niweke sahihi. Hii nayo ni maajabu. Kila mbunge anatuma barua jimboni: wiki hii nilifanya hili, nilisema lile, nchini na ng'ambo. Inachapwa Jumanne, inapanda basi Jumatano, Alhamisi asubuhi iko ukutani sokoni. Sasa mwenye akili atauliza, ya Ijumaa itajulikanaje? Haijulikani. Inaandikwa Jumatatu. Karani anachukua orodha ya shughuli za wiki na kuzisimulia kana kwamba zimeshapita. Wiki bado haijavaa viatu, barua imeshafika nyumbani na kuvivua.

Mara ya kwanza nilicheka. Lakini miezi saba haijawahi kukosea. Vikao vilikaa, hotuba zikasomwa, kura zikapigwa vilevile.

Leo ni kurasa mbili, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Karani amesimama kando yangu na pipi yake ya mnanaa shavuni. Mimi nikisoma midomo inatembea. Sina haya nayo, ila sipendi kutazamwa. Ukurasa wa kwanza nimeusoma. Wa pili akaniuliza kama nao nimeshausoma, nikasema zamani. Nikaweka sahihi. Sahihi yangu ni nzuri kuliko ya Spika. Ina mkia.

Jumanne, 10 Machi

Kamati ya Mambo ya Nje. Niliomba mwenyewe kuwekwa humo. Walicheka, wakaniweka.

Ramani kubwa ukutani, imepauka upande wa dirisha. Waziri wa Nje anaongea taratibu kama anayebembeleza mtoto mchanga. Nikamuuliza wale kumi na wawili wako gereza gani. Akafuta miwani. Akasema suala linashughulikiwa katika ngazi za juu.

"Miezi mitano mnapanda ngazi," nikamwambia, "hamjafika hata ghorofa moja?"

Mwenyekiti akanikumbusha lugha ya kibunge. Nikauliza kwa lugha ya kibunge: je, Mheshimiwa Waziri anafahamu wanalala juu ya nini? Akasema nitajibiwa kwa maandishi. Mimi na maandishi tunajuana.

"Mheshimiwa," akasema, anatabasamu na kitambaa cha miwani mkononi, "majirani si tairi. Ukizidisha upepo linapasuka."

"Likipasuka ndipo ninapoitwa," nikamjibu.

Walicheka wote, hata yeye. Nikatoka kifua mbele. Lakini kwenye korido nikagundua sikuambiwa gereza gani.

Nyapara alikuwa mbele ya lifti. Akaniona. Akaniita kwa kidole, hivi, kama mtu anayekuna hewa.

Mimi kwa kidole siendi. Nilitoka shule kidato cha pili kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu wa zamu aliniita kwa kidole mbele ya darasa zima, nikamwambia nina jina. Akarudia kidole. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja mpaka nyumbani. Mama alinibembeleza siku tatu nirudi, siku ya nne akaninunulia pampu. Siku nyingi najivunia jambo hilo. Siku za herufi ndogo, sijivunii sana.

Basi nikasimama palepale mpaka Nyapara akaja mwenyewe. Hatua kumi na tano, yeye na tumbo lake. Alifika amekasirika na hakuficha.

"Kijana, saba haiji kabla ya sita."

"Hata kidato cha pili tulifika hapo."

"Basi sikia vizuri. Tunawazidi wapinzani wawili tu, na mmoja wetu yuko hospitali. Sita ikianguka kwa mkono wako, nitasimama hapohapo niombe kikao kiahirishwe. Ijumaa Bunge linafungwa mpaka Juni. Saba itarudi kabatini."

Nikamuuliza kama anajua anaongea habari za watu kumi na wawili.

"Wamekaa mitano, watakaa mingine. Au hawatakaa," akasema. "Mimi sijui. Wewe ndiye unajua."

Akabonyeza lifti. Lifti ikachelewa, tukasimama pamoja kama watu waliogombana msibani. Mlango ulipofunguka nikapanda ngazi kwa miguu.

Jumatano, 11 Machi

Mjadala wa barabara. Dakika tatu zangu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, watoto wa dada wakipiga makofi.

Nikauliza mita thelathini zimepimwa kuanzia wapi: ukingoni au katikati ya barabara? Waziri wa Ujenzi akageuka kuwauliza watu wake. Watu wake wakageukiana. Dakika nzima ikaenda hivyo, na ni dakika yangu. Jibu: katikati. Nikasema basi twende na kamba, mimi na yeye, tupime, na kila meza tutakayoikuta amwambie mwenyewe uso kwa uso. Nikasema mimi nitashika upande wa kamba wenye mama yangu, yeye ashike ule wa —

Taa nyekundu. Kipaza sauti kikafa. Nikaendelea bila hicho, mimi nimezoea kushindana na injini. Spika akagonga rungu lake mpaka nikakaa.

Upande wa wapinzani walinipigia meza. Upande wangu walitazama viatu vyao. Nikajisikia mkubwa kwa dakika kama tano hivi.

Nyumbani nimemweleza dada yote, sita na saba. Nilitegemea anihurumie. Kosa langu.

"Kwa hiyo unafikiria," akasema.

Nikasema mtu lazima afikirie.

"Mume wangu upande huu, meza ya mabeseni upande ule, na wewe uko katikati unapima."

"Meza hiyohiyo ndiyo iliyokulisha na wewe."

"Ndiyo. Na ikivunjwa fundi atachonga nyingine. Na mume nimwambie fundi gani anichongee?"

Akaendelea kukunja nguo za watoto, anazipigapiga kama zimemkosea. Akasema tangu nianze kuvaa tai nimekuwa mtu wa pande mbili mbili. Akasema zamani nilikuwa mjinga lakini ulijua nimesimama wapi.

"Endelea kupima, mjomba," akasema. Ananiita mjomba kwa ajili ya wanawe, ila leo ilitoka kama tusi.

Kwenda kulala nikajikwaa tena kwenye vile viatu. Vinang'aa kuliko vyangu vya Bungeni.

Alhamisi, 12 Machi

Saa mbili asubuhi simu. Mama.

"Mheshimiwa."

Mama akiniita hivyo, pameharibika.

"Shikamoo, mama."

"Kaa nayo kwanza. Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Nilidhani mimi ndiye nimechanganyikiwa. Fundi cherehani yuko hapa ukutani anatusomea barua yako. Anasema Ijumaa, tarehe kumi na tatu, mbunge wetu alisimama kidete akaunga mkono barabara isafishwe mita thelathini kila upande. Hiyo Ijumaa ni ya nchi gani?"

Nikamkumbuka karani na pipi yake shavuni.

Ukurasa wa pili.

Akaniambia subiri, haijaisha, fundi anameza mate. Nikasikia sauti ya fundi kwa mbali, anasoma kama yuko kanisani. Siku hiyohiyo, anasema, kwa juhudi za mbunge wenu Bunge liliridhia mkataba, na ndugu zetu kumi na wawili wako njiani kurudi. Hapo nikasikia vigelegele. Halafu nikasikia sauti nyingine, za watu wanaogonga mabati.

Mama akasogea pembeni kunisimulia. Wake za wapakiaji wamekumbatiana. Wenye meza wamegeuka mbogo. Mwuza viatu amemwambia mke mmoja kwamba mumewe ananunuliwa kwa meza za watu. Yule mke akavua kiatu, na hakikuwa cha kujaribu. Mama ikabidi aingie katikati. Kila upande ukamwambia atoke, hana pa kusimama: huku mwenye meza, huku mama mkwe.

"Mama, kura bado sijapiga."

"Ukuta unasema umepiga."

"Ukuta umeandikwa na karani."

"Na sahihi yenye mkia ni ya karani?"

Kisha nikafanya ujanja wa kitoto. Nikamwambia basi aseme yeye. Mkwe wake au meza yake, achague, nifuate. Nilidhani nimemweka pabaya.

"Usinitie mimi kwenye kapu lako," akasema. "Mimi nikikosa meza, napata mkwe. Sipungukiwi sana. Huyu mwuza viatu ana nani kule gerezani? Hawa watu walikuchagua wewe. Hawakumchagua shemeji yako."

Nikamwambia kumi na moja wengine nao ni wa jimbo.

"Ndiyo. Nao pia. Kwani nilikwambia ni rahisi? Ungekuwa umeusoma huo ukurasa ungeanza kuumwa kichwa Jumatatu. Sasa unaanza leo." Akakohoa. "Napanda basi."

"Kuja kufanya nini?"

"Kusomewa nimesomewa. Nataka kuona."

Amekata. Wala hakuipokea shikamoo.

Nimeingia ofisini kama kimbunga. Karani anatoboa karatasi kwa kile kidude chake, tobo tobo tobo, hata hakuinua kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakunisomea ukurasa wa pili. Akasema, "Ulisema umeusoma zamani, Mheshimiwa." Kweli nilisema.

Nikamuuliza nani alimwambia nitapiga Ndiyo. Akasema hakuambiwa na mtu. Orodha inatoka kwa mnadhimu kila Jumatatu, ina shughuli na upande wa chama, yeye anaandika. Ameandika barua hizi miaka kumi na minane, wabunge wanne wa jimbo hili, na hakuna hata moja iliyowahi kutoka uongo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna aliyewahi kupiga tofauti."

Akaacha kutoboa. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kulisikia likisemwa.

Nikamwambia aandike masahihisho, tubandike juu yake. Akasema masahihisho ya nini, wakati jambo lenyewe bado halijatokea? Barua haiwezi kuwa na kosa mpaka kesho. Na zaidi ya hapo, fomu ya masahihisho hawana.

Nataka kumchukia lakini alivyosema alikuwa ananiangalia kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Akanipa pipi ya mnanaa. Nimeila kwa hasira.

Mchana Nyapara amenipita mgahawani na nakala ya barua imekunjwa mfuko wa juu wa koti, kama ua la arusi. Akasema imeandikwa vizuri, hasa ukurasa wa pili. Meza nzima ikacheka. Wote wanazo zao mifukoni, Ijumaa zao zimeshakwisha, wanakula.

Nikamwambia ya kwangu bado.

"Uambie ukuta," akasema.

Enzi za pancha mtu wa namna hii unamfungulia upepo matairi yote manne unaenda zako.

Ijumaa, 13 Machi

Asubuhi sikujikwaa. Nimesimama mlangoni kama dakika nzima natazama mahali vilipokuwa. Dada katoka mapema, na viatu katoka navyo.

Nimewakuta getini, yeye na mama, kwenye foleni ya wageni. Wamepeana migongo. Dada kashika mfuko wa viatu. Mama kashika barua, kaibandua ukutani mzimamzima, nyuma yake imekuja na rangi ya ukuta na vipande vya plasta. Macho yake mekundu, basi limemvunja. Nikamwamkia. Safari hii akaitikia, ila kwa kichwa.

Askari wa geti akafungua mfuko wa dada akasema viatu haviingii, ni vitu vya kurusha. Dada akamwambia angetaka kurusha angevaa vyake. Wakabishana. Mwishowe viatu vikabaki kaunta, akapewa kibati cha namba: arobaini na moja. Akakitia kidoleni kama pete.

Nikamwambia, "Dada." Akasema, "Kaa mbali na mimi mpaka jioni, ndipo nitajua wewe ni nani wangu."

Kwenye korido nikamvizia Waziri wa Nje. Nikamuuliza ya saba ataisimamia hata kama ya sita itaanguka? Akafuta miwani. Akasema yeye husimama akiitwa. Na asipoitwa? "Hukaa," akasema. Mtu mzima, koti la vifungo vya dhahabu. Hukaa.

Nikamfuata Nyapara pia, kwa miguu yangu, nikamwambia Juni si mbali, anipe neno lake tu kwamba mkataba utarudi Juni vyovyote itakavyokuwa, mbele ya karani, nitasahau mengine. Nilimwita hadi mzee wangu. Sijawahi kumwita hivyo na sitarudia. Akasema ahadi za Juni hutolewa Juni. Akaongeza kwamba mama yangu ameonekana getini, na ni vizuri, atajionea mwanawe anavyofanya kazi. Orodha ya majina ilikuwa kwapani kwake. Nikachungulia. Majina mengine yote meupe, bado hayajawekwa kitu. Langu lina alama ya vyema mbele yake. Wino umekauka.

*

Niko ukumbini. Naandikia gotini.

Spika amehoji, sauti zimelingana, akaamuru tuhesabiwe kwa milango. Ndiyo mlango wa kulia, Hapana wa kushoto. Kengele dakika sita, kisha milango inafungwa. Mhudumu tayari ameshika komeo.

Wanatoka. Makoti, mikongojo, simu masikioni. Mmoja amenigonga bega: twende, Pancha, tukale. Nimebaki kwenye kiti. Nahesabu, kuhesabu hakunishindi. Kulia hamsini na tisa, Nyapara akiwemo. Kushoto hamsini na tisa. Viti vyote vimebaki vitupu ila changu.

Juu, kwa wageni, wako mama na dada, kiti kimoja kitupu katikati yao. Mama kaweka barua kwenye hicho kiti. Dada amesimama, askari anamwambia akae, haketi. Anazungusha kile kibati kidoleni. Naona hata kutoka huku kinavyometa.

Kumi na wawili. Sijui wanalala juu ya nini, sijajibiwa. Shemeji alinifundisha kuendesha lori kabla sijafikia pedali, alinipakata. Mwuza viatu alinifungulia kampeni kwenye meza yake, akapigwa kwa ajili yangu na watu wa yule wa zamani, jino moja likang'oka. Hajawahi kunidai hilo jino.

Dakika mbili.

Kama ni kupima, nimepima. Kutoka kiti changu mpaka mlango wa kulia hatua kumi. Wa kushoto kumi na nne, na hakuna njia nyingine, lazima nipite mbele ya Nyapara. Amesimama pale na orodha yake, kalamu ameshaifunga. Kwake mimi nimeshapita. Nilipita Jumatatu.

Nimefunga vifungo vya koti. Mama kainama mbele kwenye ukingo. Uso wake haunisaidii, ni ule uso wa siku ya nne, siku ya pampu.

Dakika moja. Mhudumu anasema Mheshimiwa, tafadhali.

Nyapara ameinua kichwa, ameniona bado nimekaa. Anatazama saa. Anatazama juu walipo wageni, anacheka kidogo. Kisha amehamisha orodha mkono wa kushoto, akainua wa kulia.

Ananiita kwa kidole. Nafunga daftari, naanza hatua kumi na nne.